Kifua cha Mchimbaji Nacho Kiandikwe Daftarini

Mtu asimamaye katika njiapanda ya Sake, kilomita 27 hivi magharibi ya Goma, huko mashariki ya Kongo, mahali ambapo barabara itokayo mjini hugawanyika, moja ikipanda Mushaki kuelekea Rubaya na Masisi, nyingine ikishika njia ya Kitshanga, na ya tatu ikiandama ufuko wa Ziwa Kivu hadi Minova na Bukavu, hana haja ya kupanda mlima ili aujue utajiri wa nchi ile, kwa kuwa utajiri wenyewe, miaka nenda miaka rudi, umekuwa ukishuka na kumpita mbele ya macho yake, umefungwa katika mifuko midogo mizito iliyopakiwa juu ya pikipiki na malori. Mifuko hiyo kila mtu ana haja nayo. Askari huitazama, mtoza ushuru huihesabu, mnunuzi wa Goma huingojea, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa huandika habari zake; lakini kijana aliyeketi juu ya mfuko, nywele zimemgeuka nyeupe kwa vumbi, akikohoa na kutema mate pembeni, ni nadra kupata mtu wa kumwuliza ameanza kukohoa tangu lini.

Watu wa Sake si watu wa kufundishwa kwamba hewa yaweza kuua. Kando ya ziwa, katika mabonde na mashimo yaliyo baina ya Goma na Sake, hutoka ardhini gesi ya kaboni dioksidi isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa, ambayo wenyeji huiita mazuku; ikituama mahali pa chini humwua mbuzi, humwua mtoto, humwua na msafiri aliyejilaza kupumzika, na kwa ajili hiyo wazazi huwakataza watoto wao mahali fulani fulani, wala hapana abishaye. Fauka ya hayo upo moshi wa volkano ya Nyamulagira, ambao upepo huupeleka juu ya vilima vya Masisi, ukayadhuru mazao na maji ya mvua yakingwayo mapaani. Hofu hii ni ya busara, na imeokoa roho nyingi. Walakini mwanadamu ana udhaifu huu, kwamba huiogopa hatari kwa kadiri ya upesi wake wa kuua, si kwa kadiri ya wingi wa wanaouawa nayo. Mazuku huua kwa dakika chache, basi yana jina na yana heshima yake, ilhali vumbi la mgodini, ambalo huchukua miaka 10, au 20, au 30 kuitimiza kazi yake, hupanguswa usoni kwa kiganja na kusahauliwa.

Masisi na Walikale hazichimbi asbesto. Kinachotoka Rubaya ni koltani, na kinachotoka Bisie, huko Walikale, ni mawe ya bati. Hata hivyo sina budi kuanza na asbesto, au amianti kama wasemavyo wenzetu wa Goma, kwa sababu sijui madini mengine yaliyoufunza ulimwengu, tena kwa gharama kubwa namna ile, jinsi maradhi ya mapafu yawezavyo kukaa kimya mpaka aliyeyasababisha awe amekwisha kuuza mali yake na kwenda zake.

Katika Rasi ya Kaskazini ya Afrika ya Kusini, pande za Prieska na Kuruman, kampuni ya Kiingereza iitwayo Cape Asbestos, iliyoundwa mwaka 1893, ilichimba asbesto ya buluu kwa muda wa miongo mingi. Wanaume walivunja mwamba, na wanawake pamoja na watoto waliketi chini wakiyagonga mawe kwa nyundo ili kuzitenga nyuzi, na upepo ukayachukua mabaki mpaka majumbani. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wawili walitangaza habari za wagonjwa 33 wa saratani adimu ya utando wa mapafu, iitwayo mesothelioma, ambao karibu wote walikuwa wamewahi kuguswa na vumbi la machimbo yale. Na jambo lililowashtua mabingwa si wachimbaji, maana hao walitarajiwa, bali ni wale waliokuwamo katika hesabu ile hali hawakupata kufanya kazi ya mgodi hata siku moja, ila walizaliwa karibu na machimbo, wakacheza utotoni juu ya vilima vya mabaki, wakahama, wakaoa na kuolewa, na vumbi la utoto likawafuata huko walikohamia likawaua.

Cape iliuza migodi yake na kuondoka Afrika ya Kusini mwaka 1979. Wagonjwa hawakuondoka. Ilikuwa mwaka 2000 ndipo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, katika Baraza la Mabwana, ilipokubali kwamba wana haki ya kuishtaki kampuni hiyo London kwenyewe, na mwaka 2003 ndipo malipo yalipokubaliwa kwa wadai wapatao 7,500, ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kuzikwa kabla ya kuiona senti. Serikali ya Afrika ya Kusini iliipiga asbesto marufuku mwaka 2008, miaka 48 baada ya makala ya Wagner. Muda huo wamtosha mtu kuzaliwa, kuingia mgodini, kuugua na kufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyoivuta kazini. Huku kwetu Afrika ya Mashariki hatukuichimba kwa wingi, lakini tuliiezeka: Rwanda, ng'ambo ya ziwa, imo katika kazi ya kuyabandua mapaa ya asbesto kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, na Kenya iliikataza katika kanuni zake za taka za mwaka 2006.

Sasa katika habari hii yote nataka msomaji alishike neno moja ambalo wanasheria hulijua na wanasiasa hulipuuza. Wale waliolipwa, iwe na Cape au na mifuko ya fidia iliyoanzishwa tangu mwaka 2003 na makampuni mengine ya asbesto, walilipwa kwa kuwa waliweza kuthibitisha kwamba walikuwa mahali fulani, katika kazi fulani, baina ya miaka fulani na fulani. Kadhalika wachimbaji wa dhahabu wa Afrika ya Kusini, ambao makampuni sita yalikubali mwaka 2018 kuwawekea mfuko wa Tshiamiso kwa ajili ya silikosisi, yaani maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi la mawe, na kifua kikuu, kila mmoja wao huulizwa kwanza kabisa: ulifanya kazi mgodi upi, na tangu lini hata lini? Nchi ile, pamoja na dhuluma zake zote zijulikanazo, ilikuwa na sheria ya maradhi ya vumbi tangu mwaka 1912 (iliyotungwa kwanza kwa maslahi ya wachimbaji wa kizungu, tusijidanganye), ilikuwa na ofisi ya kuwapima wachimbaji, na ilikuwa na vitabu vya waajiri vilivyoandika jina la mtu aliyetoka Lesotho au Msumbiji na siku aliyoshuka shimoni. Vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya kumtawala mchimbaji. Baada ya miaka 50 vikawa ushahidi wake.

Masisi haina vitabu hivyo, na hapo ndipo penye hofu yangu.

Vumbi lenyewe tulitazame kwanza. Koltani ya Rubaya hukaa katika miamba iitwayo pegmatiti, ambayo ni mchanganyiko wa kwatsi, feldispa na ulanga, na hiyo kwatsi, jiwe gumu jeupe ling'aalo, ni silika tupu. Pua na koo zimejaliwa hekima ya kuyazuia mavumbi makubwa, yakatoka kwa kamasi na kikohozi. Lakini chembe iliyo ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita hupenya, na iliyo ndogo kuliko nusu ya hiyo hufika mwisho wa njia, katika vifuko ambamo hewa hukutana na damu. Huko seli walinzi huimeza ili kuiangamiza, lakini silika haiangamii. Seli hufa, huitema chembe, na seli nyingine huja kuimeza ikafa vilevile, na kila kifo huacha kovu. Unyuzi wa asbesto hufanya kama hayo kwa njia nyingine, maana ni mrefu kuliko seli yenyewe, basi mlinzi hufa angali anajaribu kuumeza. Kovu halitanuki wala halipitishi hewa. Mwenye makovu machache hajui kuwa anayo. Mwenye mengi hutambua siku ashindwapo kupanda kilima alichokipanda jana yake akiimba. Dawa ya kuyaondoa haipo mpaka leo, na lililo baya zaidi ni kwamba mtu aweza kuacha mgodi, akarudi kulima maharage kwao, na makovu yakazidi kuenea, kwa kuwa chembe zilizokwisha kuingia haziachi kazi yake kwa sababu yeye ameacha ya kwake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiandika silika mwaka 1997 katika safu moja na asbesto, safu ya vitu ambavyo kuleta kwake saratani kwa binadamu hakuna shaka.

Insafu yanilazimisha niseme kwamba migodi yote haina vumbi sawasawa. Sehemu kubwa ya mwamba wa Rubaya imekwisha kuoza ikawa udongo laini mweupe, na mchanga wake huoshwa kwa maji, na maji ndiyo adui mkubwa wa vumbi. Mchimbaji wa pale hupata nafuu ambayo yule wa mwamba mkavu haipati. Lakini kabla ya kuoshwa mchanga hukatwa, tena hukatwa ndani ya mashimo membamba yasiyo na upepo, na kiangazi huwa kiangazi hata milimani. Bisie, katika msitu wa Walikale, mambo yalikuwa magumu zaidi: tangu mawe ya bati yalipogunduliwa pale mnamo 2002, maelfu ya watu waliutoboa mlima kwa patasi na nyundo, wakayaponda mawe kwa mikono, wakabeba mizigo ya kilo 50 kupita msituni hadi Njingala, na ndege ndogo zikatua juu ya barabara pale Kilambo kuichukua. Na kama mtu angeniuliza ni nani katika Kivu nzima avutaye vumbi baya kupita wote, nisingemtaja mwanamume yeyote wa shimoni. Ningewataja akina mama wa Kamituga, katika Kivu ya Kusini, wale waitwao twangaises, ambao hutwanga mawe ya dhahabu katika vinu vya chuma kutwa kucha, makavu, nyuso zimeinamia kinu, na aghalabu mtoto mchanga yupo mgongoni naye akivuta pumzi ileile. Mwaka 1556 Mjerumani Agricola aliandika katika kitabu chake cha migodi kwamba katika milima ya Karpati walipatikana wanawake walioolewa na waume saba, wote wakauawa na vumbi. Kamituga yeye angewakuta wanawake wenyewe kwenye vumbi.

Hapa ndipo lizukapo jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha shauri lote. Mchimbaji aliyekohoa mwaka mzima, akakonda, akatoka jasho usiku, akija hospitali ya Kirotshe au kituo cha afya chochote cha pande zile, mganga atamdhania kifua kikuu, na atakuwa amefanya vema, maana kifua kikuu ni kingi, tena mwenye silikosisi hushikwa nacho kwa wepesi mara kadhaa kuliko mtu mwingine. Lakini yapo mapafu yenye makovu ya silika bila kifua kikuu, yapo yenye kifua kikuu bila makovu, na yapo yenye vyote viwili, na picha ya eksirei peke yake haiwezi kuyapambanua ikiwa msomaji wake hajui mgonjwa alikuwa akifanya kazi gani. Liko na ajabu jingine: vumbi la bati, likiingia mapafuni peke yake bila silika, hujaza picha madoadoa ya kutisha, ilhali mwenye mapafu hayo hupumua karibu kama mtu mzima wa afya. Basi watu wawili waweza kuleta picha zinazofanana, mmoja ni mgonjwa wa kufa na mwingine si mgonjwa hata kidogo, na kinachowatenga si mashine, ni historia ya kazi. Pasipo historia hiyo mgonjwa huweza kumeza dawa za kifua kikuu miezi 6, akarudi akikohoa, akapewa miezi mingine 6, na majirani wakasema amerogwa au hakuzimeza.

Historia hiyo katika Masisi imefutwa mara nyingi kuliko ubao wa shule. Makampuni ya Kibelgiji yalichimba bati na koltani mashariki ya Kongo tangu zama za ukoloni. Mwaka 1976 yakaunganishwa kuwa SOMINKI. Mwaka 1982 serikali ya Mobutu ikawafungulia watu mlango wa kuchimba kwa mikono. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani. Mwaka 1997, katikati ya vita, SOMINKI ikavunjwa. Mwaka 2000 bei ya koltani ikapaa, na vijana wakaacha ng'ombe na shule wakakimbilia vilima vya Masisi. Zikaja jeshi hili na jeshi lile, ikaja kampuni yenye hati na ushirika wa wachimbaji usiotambua hati hiyo, na Aprili 2024 likaja kundi la waasi la M23, ambalo Januari 2025 liliichukua Sake na siku chache baadaye Goma. Kila aliyekuja alirithi shimo, hakurithi orodha ya watu. Na mchimbaji mwenyewe katika nchi ile hana mwajiri: yupo PDG, yaani mwenye shimo, yupo mnunuzi, yupo mwenye duka la kuuza nje, na kila mmoja atakula kiapo, tena kiapo cha kweli, kwamba hakumwajiri mtu yeyote. Hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, CNSS, ni ya wenye mshahara. SAEMAPE, idara ya serikali yenye kazi ya kuwasaidia na kuwasimamia wachimbaji wadogo, inajulikana zaidi mgodini kwa upande wa kusimamia.

Lakini mfuko! Mfuko wa mawe umepata walezi. Baada ya Marekani kutunga ile sheria ya mwaka 2010 iliyoyataka makampuni yake yaeleze madini yao yametoka wapi, ulianzishwa katika mashariki ya Kongo mpango wa kuifunga mifuko vibandiko vyenye namba, na kila kibandiko kiliandikwa daftarini pamoja na jina la mgodi, siku na uzito, ili hata mwenye kiwanda huko Asia aweze kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kilimani ulikotoka. Vita vimeuvuruga mpango huo, na wakosoaji wake wameonyesha matundu mengi yaliyopitiwa na mawe ya magendo. Hayo si shauri langu leo. Shauri langu ni kwamba limekwisha kudhihirika jambo ambalo tuliambiwa haliwezekani, kwamba katika mahali pasipo barabara, pasipo umeme, penye bunduki nyingi kuliko kalamu, watu waweza kuandika kitu kimoja kimoja, kila siku, kwa miaka, na kuyahifadhi maandiko hayo mbali na vita. Lililowezekana kwa mfuko wa kilo 50 litashindikanaje kwa binadamu aliyeuchimba?

Nitajibiwa, na jibu ni zito, kwamba orodha ya majina katika nchi ya vita ni silaha. Nakubali. Watu wa Masisi wamekwisha kuulizwa majina na makabila yao vizuizini kwa nia ambazo hazikuwa za tiba, na mchimbaji mwenye akili atakimbia amwonapo mtu mwenye daftari, akimdhania mtoza kodi au mwandikishaji wa jeshi. Kwa hiyo daftari nilitakalo lisiwe la mgodi, wala la polisi wa migodi, wala la mtawala wa leo au wa kesho. Liwe la idara ya afya, na nakala ya kwanza akae nayo mwenyewe. Februari 2024, vita vilipoisogelea Sake na maelfu kwa maelfu wakaikimbilia Goma, akina mama walibeba mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na katika pembe ya kitenge karatasi ya kliniki ya mtoto, yenye uzito wake na chanjo zake, kwa sababu wanajua kwamba huko waendako mganga ataiuliza. Kifua cha mchimbaji kinahitaji karatasi kama hiyo: mwaka aliouanza, mahali, aina ya jiwe, shimoni au nje, kukata au kuponda au kuosha, na matokeo ya makohozi na picha kila zilipochukuliwa. Kabila halihitajiki. Hata jina la PDG halihitajiki kwa mganga, ingawa mwanasheria wa mwaka 2045 angelifurahia.

Wala sidai jambo lisilo na mfano katika lugha yetu. Mererani, katika mkoa wa Manyara, vijana wa Kitanzania huchimba tanzanaiti katika mwamba mkavu, na vumbi lao lilikwisha kupimwa na watafiti tangu mwanzoni mwa karne hii likaonekana limejaa silika kupita kiasi. Na hospitali ya Kibong'oto, pale Kilimanjaro, iliyojulikana zamani kwa kifua kikuu tu, leo huwapima wachimbaji hao silikosisi pamoja na kifua kikuu, kwa kuwa madaktari wake walitambua kwamba huwezi kuishughulikia nusu ya kifua. Serikali ya Tanzania, tukumbuke, ilijenga mwaka 2018 ukuta wa kilomita 24.5 kuyazunguka machimbo yale ili vito visitoroke, na watu wote wapite lango moja. Sikuwa miongoni mwa waliousifu ukuta ule, lakini lango moja ambapo kila mchimbaji hupita ni mahali pazuri mno pa kuweka mganga.

Na fedha? Bibi Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, aliliambia Baraza la Usalama mnamo Septemba 2024 kwamba biashara ya madini ya pande za Rubaya inakadiriwa kutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu, ile itolewayo katika koltani, ya ulimwengu, na kwamba M23 hujipatia humo dola 300,000 hivi kila mwezi. Bisie, ambako tangu mwaka 2019 kampuni ya Alphamin huchimba kwa mitambo, ina mawe ya bati tajiri kuliko kawaida ya dunia. Mahali pa namna hii hapawezi kusemwa kwamba pamekosa bei ya filamu za eksirei. Kila kilo itokayo Rubaya hukatwa, na mikono inayokata ni mingi. Mkato mmoja mdogo wa ziada, ulipwe na mnunuzi wa mwisho ambaye hupenda kututangazia kuwa simu zake ni safi, ungetosha kuweka pampu za maji mashimoni, kuwahamishia wapondaji na watwangaji mahali penye upepo na unyevu, na kumsafirisha mgonjwa mpaka penye picha. Barakoa za kitambaa ninazoziona zikigawiwa katika sherehe zipigwe picha kwa amani, lakini mtu asidhani kwamba zinazuia chembe nilizozieleza.

Yote hayo yanangoja amani, ataniambia msomaji, na huenda ana haki. Lakini kijana aliyeingia Rubaya mwaka 2000, bei ilipopaa, akiwa na miaka 15, leo amevuka 40, na umri wa vumbi lake ni robo ya karne, yaani kipindi kilekile ambacho silika na asbesto zimezoea kujitokeza. Huyo hangoji. Na lipo jambo dogo lisilongoja mkataba wa amani wa Doha wala wa Washington: muuguzi wa Kirotshe, wa Mushaki, wa Rubaya, wa Walikale, aandikapo katika kitabu chake jina la mkohoaji na umri wake, aongeze maswali matatu. Umewahi kuchimba, kuponda au kutwanga mawe? Wapi? Kuanzia mwaka gani hadi mwaka gani? Majibu huenea katika mstari mmoja, na kitabu ni kilekile alichonacho mezani.